Mwanafunzi wa famasia apimwe pamoja na wa uuguzi na utabibu, au kila mtu na mtihani wake?

Mfamasia, Lamu:
Asalaam aleikum, waungwana. Msimamo wangu nausema mapema: mwanafunzi wa famasia asihitimu kabla hajakaa wodini na wanafunzi wa uuguzi na wa utabibu, wakimhudumia mgonjwa mmoja, na alama zao zitoke kwa kazi hiyo moja.

Lililonifikisha hapa ni mzee mmoja jirani yangu. Ramadhani moja aliruhusiwa kutoka hospitali, cheti kimeandikwa glibenklamaidi, dawa ya kisukari, asubuhi na jioni. Nesi alijua mzee anafunga, maana alimsikia akiulizia saa ya daku. Tabibu aliyaona majibu ya figo, hayakuwa mazuri. Mimi kwenye dirisha la dawa nilijua kwamba dawa hiyo hukawia mwilini figo zikiwa dhaifu, na huweza kushusha sukari vibaya mtu akikaa bila kula. Lakini majibu ya figo hayakuwa kwenye cheti, na kuhusu saumu sikuuliza, nikidhani wodini wameshamkataza. Nikahesabu vidonge, nikavitia katika bahasha, nikaandika 1 x 2.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, tulimkuta barazani nguo zimerowa jasho, maneno hayashikani, tasbihi imemponyoka miguuni. Tulimpaka asali ndani ya shavu, tukamwinua na kiti chake, tukapita naye vichochoroni hadi hospitali. Alipona, alhamdulillahi. Angebadilishiwa dawa, au walau ya daku ipunguzwe na dozi kubwa iwe wakati wa futari, yasingemfika.

Nimesomea dawa miaka mitano. Sikufundishwa hata siku moja namna ya kumwendea tabibu na kumwambia, "Dozi hii tuitazame tena."

Mkufunzi, Malindi:
Pole kwa yaliyompata mzee. Hata hivyo siafiki. Diploma ni miaka 3, na ratiba imejaa: elimu ya dawa, utengenezaji, sheria, utunzaji wa stoo. Mwanafunzi asiyeijua dozi barabara ataleta nini kitandani kwa mgonjwa? Aijue kazi yake kwanza, ushirikiano ataukuta kazini. Na hilo la alama moja kwa watu wa fani tatu ni dhuluma, mmoja akizembea wote wataanguka.

Mwanafunzi wa famasia, mwaka wa pili:
Mwalimu, kazini tutaukuta kwa nani? Juzi wodini niliulizwa mbele ya mgonjwa, "Na wewe ni nani?" Nilikuwa nimeona dawa mbili zinazogongana. Nikanyamaza.

Nesi, zahanati ya kisiwani:
Hapa kwetu mfamasia hayupo. Dawa natoa mimi, na mjini ni mwendo wa boti. Nilipata mgonjwa wa kifua kikuu ambaye tayari anatumia dolutegravira, dawa ya VVU. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huipunguza nguvu dolutegravira, kwa hiyo dolutegravira humezwa mara 2 kwa siku badala ya 1. Nilitaka kuhakikisha kabla sijampa, nikampigia mfamasia. Akanijibu, "Soma mwongozo," akakata simu. Hizo wodi mnazogombania hazinisaidii. Mfundisheni huyo mtu kupokea simu.

Mfamasia, Lamu:
Sista, umenirekebisha. Nilifikiria wodi tu, kumbe kwa visiwa vyetu timu yenyewe mara nyingi ni watu wawili na simu. Basi simu hiyo iingie kwenye mtihani: mwanafunzi apigiwe na nesi, apimwe anauliza nini na anajibu vipi.

Mwalimu, hoja ya alama naikubali, kila mmoja apewe zake. Hoja ya muda siikubali. Saa za wodini zipo tayari, ila famasia huenda siku yao na uuguzi siku yao. Ninachotaka ni siku hizo zikutane. Wala si fikra ya jana: Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya kufundisha fani za afya pamoja mwaka 1988, na mwaka 2010 likatoa mwongozo unaosema fani mbili au zaidi zijifunze pamoja, zifunzane na zijuane. Marekani, vyama 6 vya elimu ya afya, cha famasia kikiwemo, viliungana mwaka 2009, na 2011 vikataja maeneo manne ya kufundishwa: maadili, kujua kazi ya kila mmoja, mawasiliano, na kufanya kazi kama timu. Viwango vya shule za famasia huko vya mwaka 2016 vililidai jambo hili waziwazi.

Kwamba aijue kazi yake kwanza, mimi nilikuwa naijua. Dawa ile naijua mpaka njia inayotokea mwilini. Mzee alianguka vilevile.

Naomba tulijaribu hapo Malindi. Nitakuandikia kisa cha mzee bila jina, kwenye karatasi tatu. Wa uuguzi apewe ya saumu, wa utabibu ya figo, wa famasia ya dawa. Wakae meza moja, wasiambiwe kuna tatizo. Wewe shika saa, utuambie ilichukua dakika ngapi mpaka wa kwanza akauliza mwenzake ana nini.