"Kuwaonya" ya Matendo 14:22: walikuwa wanawagombeza?

MamaPacha:
Bwana asifiwe wapendwa. Naongoza jumuiya ya mtaa wetu, Alhamisi jioni. Juzi tulisoma Matendo 14, tukafika pale Paulo na Barnaba "wakifanya imara roho za wanafunzi, na kuwaonya". Kulikuwa na dada aliyefiwa na mume mwezi wa pili, ndiyo kwanza anarudi. Akainama. Tulipomaliza akaniuliza, "Kumbe hata wao walionywa kwa kutoonekana?" Nikakosa jibu, nikamshikisha sahani ya mihogo. Hivi kweli walikuwa wanawagombeza?

MwinjilistiMstaafu:
Hapana, mwanangu. Hiyo ni tafsiri ya Biblia ya Union Version, ya 1952, na "kuonya" humo si onyo la mwalimu wa zamu. Kigiriki ni parakaleo: kusihi, kutia moyo, kufariji. Ndiyo "tuonyane" ya Waebrania 10:25. Tena Barnaba jina lake ni Yusufu. Mitume ndio waliomwita Mwana wa faraja, na faraja hiyo ni paraklesis, neno la shina lile lile. Kwa hiyo aliyekuwa "akionya" ni huyo huyo wa faraja.

Ila usiishie kwenye neno, chukua ramani. Listra Paulo alipigwa mawe, akaburutwa nje ya mji, wakidhani amekufa. Kesho yake akaondoka na Barnaba kwenda Derbe. Kutoka Derbe, ukishika njia ya mashariki unashukia Tarso, kwao alikozaliwa, na mbele yake ni Antiokia ya Shamu (Syria), walikoanzia safari. Angepita kwao akauguze majeraha. Akageuza, akarudi Listra! Kisha Ikonio na Antiokia ya Pisidia, miji walikotoka waliochochea apigwe. Mtu wa namna hiyo ndiye anayesema "imetupasa kuingia katika ufalme wa Mungu kwa njia ya dhiki nyingi". Imetupasa, mwanangu. Hakusema imewapasa.

SautiYaNne:
Mzee umeruka mstari wa 23. Waliwachagulia wazee katika kila kanisa, wakaomba na kufunga. Walijua wataondoka. Sisi tunatiana moyo Jumapili, Jumatatu hakuna anayejua nani kalazwa.

MwinjilistiMstaafu:
Kweli, nilipitiwa. Na aliposhindwa kwenda Thesalonike, Paulo alimtuma Timotheo akawafariji, yeye akakubali kuachwa Athene.

MamaPacha:
Shikamoo mzee, asante. "Imetupasa" nimeisoma miaka yote bila kuiona. Sisubiri Alhamisi, dada anakaa nyuma ya mashine ya kusaga, kesho naenda. Niende peke yangu?

MwinjilistiMstaafu:
Marahaba. Nenda na mama mmoja mjane wa siku nyingi, umwache yeye aongee. Na msimuulize alikuwa wapi.

MamaPacha:
Yupo, bibi yetu wa kwaya. Ngoja nimpigie kabla hajalala.