Kulala na hema pembeni ya bahari, Kilwa ya Tanzania, karibu na ngome ya Gereza: nani alishafika atusaidie

Mwana wa Katuba

Jambo yenu bote. Tuko kikundi ya vijana hapa Katuba, Lubumbashi, na familia mbili zenye watoto zimejiunga na sisi, vakansi hii kubwa tunataka kwenda kuona bahari. Hatutaki ile ya kufika Dar, kulala mu hoteli, kupiga picha na kurudi. Tunataka kulala mu hema zetu pembeni ya maji, tupike wenyewe juu ya mbabula (jiko la makaa), na asubui tuvuke na mashua kwenda Kilwa Kisiwani kuona ile ngome ya Gereza na misikiti ya zamani. Ni Kilwa ya Tanzania banduku, sio Kilwa yetu ya Kongo, ya kule ziwa Moero.

Mambo ya ule mji inanishika moyo tangu siku mingi. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 akausifu, masultani wake walikuwa wanapiga pesa zao wenyewe za shaba, na sisi tunaokaa juu ya mukuba (shaba) hapa tunakomaa bila kusikia hata jina lake mu shule. Nataka hawa vijana waone na macho yao.

Sasa maulizo: wanaruhusu kulala na hema kisiwani karibu na ngome, ao tutafute pahali upande wa bara? Hema zetu ni za kawaida, zile za vigingi vidogo vya chuma, zitasimama mu muchanga? Maji ya kunywa je? Na barabara ni lazima kupita Dar ao kuna njia ingine? Bengi kati yetu maji makubwa tuliona ni Moero na Tanganyika, bahari hatuijui kabisa.

Shofa wa Kasumbalesa

Masta, njia ile ndio mkate yangu, nitakujibu ya barabara, ya hema wengine watasema.

Kutoka Lubumbashi (L'shi) mpaka Dar ni zaidi ya kilometa 2000. Munavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, munapita Chingola, Kitwe, Ndola, mpaka Kapiri Mposhi, kisha munashika ule mustari mrefu wa Serenje na Mpika mpaka Nakonde, ngambo ni Tunduma, muko Tanzania. Mutaona foleni ya makamyo inatisha pale Kasumbalesa na tena Tunduma, musiogope, ile ni yetu sisi wa muzigo, gari ndogo na bisi vinapita upande wao.

Kintu kimoja ninakuomba sana juu ya watoto: musitembee usiku upande wa Zambia. Kati ya Serenje na Nakonde kamyo ikiharibika inabaki palepale mu barabara, haina taa, shofa anakata matawi ya miti anayapanga nyuma yake kama alama na anaenda kutafuta msaada. Muchana ukiona majani mabichi yamelala juu ya lami unajua, punguza mwendo. Usiku hauyaoni mpaka uko juu yake. Mulale Mpika, mutoke na jua.

Mukifika Makambako njia ni mbili. Moja inashuka Iringa, Mikumi, Morogoro, Dar, kisha munashuka na barabara ya Lindi mpaka Nangurukuru, pale munakata kushoto kwenda Kilwa Masoko, mji wa upande wa bara. Ya pili inakwenda Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, inatokea Lindi na munapanda kaskazini mpaka Nangurukuru. Hii ya pili ni ya lami, na inawaepusha na msongamano wa Dar, lakini ni mrefu na vituo viko mbali mbali. Kwa familia mimi ningepita Mikumi, juu barabara yenyewe inakatiza ndani ya mbuga na watoto wataona tembo na twiga kutoka dirishani. Musisimame kushuka, musitupe chakula, na mwendo mufuate vibao, faini ya kugonga munyama pale ni kali.

Msimu: mwezi wa saba na wa nane ni vizuri. Musijaribu wa nne na wa tano, mvua ya masika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilibomoa ile barabara ya Dar na Lindi upande wa Somanga na gari zikakwama pande zote mbili.

Mama wa Kampemba

Mwanangu wa Katuba, wazo ni zuri, ila mimi kama mama nitaanza na makaratasi juu hiyo ndiyo inaharibia watu safari.

Kila mutu pasipoti yake, hata mutoto. Mutoto asiyesafiri na wazazi wote awe na barua ya ruhusa, isainiwe kwa mamlaka, si karatasi mumeandika nyumbani. Karte ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano kila mutu, Tanzania wanaidai kwa mutu anayetoka Kongo, na chanjo inahesabiwa kuwa sawa kisha siku 10, kwa hiyo musichanjwe juma la kuondoka. Ya viza, muende wenyewe mu konsula ya Zambia na ya Tanzania hapa hapa L'shi, musikilize mudomo wa konsula, usisikilize mutu wa stendi.

Halafu nina wazo lingine. Na watoto wadogo, mbona musiende Bagamoyo? Haiko mbali na Dar, kuna Ngome Kongwe, kuna magofu ya Kaole, kuna fukwe zenye watu wanaopokea hema, na duka la dawa liko karibu. Na historia ile ni yetu kabisa, misafara iliyotoka huku Manyema na kwa mfalme M'siri na pembe na watumwa, mwisho wa njia ya bara ilikuwa Bagamoyo. Bibi zetu walipita pale na minyororo. Kijana wa Kongo akisimama pale anasimama mahali pake.

Mutoto wa Kalemie

Mama ana sababu, Bagamoyo ni rahisi. Lakini kama moyo wako uko Kilwa, kaka, nenda Kilwa. Mimi nimekomalia Kalemie na sasa niko Lindi kwa kazi, Kilwa ninapita mara kwa mara, nitakueleza kile ambacho mutu wa ziwa hakijui.

Tanganyika ukiweka hema hatua kumi toka maji, asubui maji yako hatua kumi. Bahari inatembea. Inajaa karibu saa sita, inakupwa karibu saa sita, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mchanga ao ukiwa mpevu ndipo inatembea sana, wenyeji wanaita bamvua, na pwani hii tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati huo inapita mita 3 kwenda juu. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo.

Sasa sikia vizuri juu hapa ndipo wageni wanalowa. Siku za bamvua pwani hii maji yanajaa kabisa karibu saa kumi ya usiku, mbele ya azana ya alfajiri, na tena saa kumi ya jioni. (Saa kumi ya Waswahili, kwa saa ya kizungu ni saa ine, na kule saa iko mbele ya L'shi kwa moja.) Mutu anafika saa nne ya usiku, anakuta bahari imerudi mbali kabisa, muchanga mweupe, mugumu, sawasawa, anasema hapa ndio hapa. Anapiga hema.  Mbele ya alfajiri bahari inakuja kuchukua muchanga wake. Nimeona kundi la vijana pale ufuko wa Jimbizi, Masoko, wamesimama gizani na magodoro kichwani, viatu vyao vinaelea.

Dawa yake ni rahisi. Tafuta ule mustari wa majani makavu ya bahari na vijiti na vipande vya makumbi ambao maji yameacha juu. Inawezekana iko miwili ao mitatu, shika ule wa juu kabisa, halafu panda tena juu yake mpaka majani ya nchi kavu yanapoanza. Pale lala. Lakini si chini ya munazi wenye nazi, angalia juu mbele ya kupiga hema.

Vigingi vyako vidogo muchanga unavitema. Chukua mifuko mitupu ya unga, jaza muchanga, funga kamba ya hema katikati ya mufuko, chimba shimo mpaka goti, zika, kanyaga. Haitoki. Mwezi wa saba na wa nane ni upepo wa kusi, unatoka kusini na hauchoki, kwa hiyo mulango wa hema ugeuze kaskazini, na bashi (turubai) musimamishe kama ukuta upande wa kusini kwa kupikia, bila hivyo bukari (ugali) yenu itakuwa muchanga nusu.

Ya kulala kisiwani: hapana. Kisiwani kuna kijiji, kuna makaburi, kuna magofu yanayolindwa, na kibali cha kuingia unakichukua Kilwa Masoko mbele ya kupanda chombo. Mulale Masoko, pale ufukoni kuna nyumba za wageni, muulize ile inayokubali hema ndani ya uwanja wake, mutapata choo na maji ya kuoga na mulinzi. Kuvuka ni kama kilometa 2 tu.

Maji ya kunywa mununue ao mubebe na bido (madumu), visima vya karibu na ufuko vingi vina chumvi. Chandarua kila mutu. Watoto wavae viatu vya plastiki ndani ya maji, kuna vile viumbe vya miiba nyeusi kati ya mawe, mwiba unavunjika ndani ya muguu.

Mwalimu wa Nguba

Niko Bukavu, nafundisha historia, naomba niongeze ya ngome yenyewe juu ndugu yetu ameigusa haraka.

Vasco da Gama alifika Kilwa 1502 akamlazimisha mutawala kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. 1505 akaja Francisco de Almeida na meli zake, wakauteka mji, wakajenga ngome pale ufukoni. Walitaka dhahabu iliyokuwa inakuja kupitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, na Kilwa ndiyo ilikuwa imeshika biashara ile. 1512 wakaiacha. Ile Gereza munayoiona leo kwa sehemu kubwa ni ya Waarabu wa Oman, waliijenga karibu na mwaka 1800 juu ya mabaki ya Wareno. Kwa hiyo mukisimama mbele yake na vijana, musiwaambie kwamba hii yote ni kazi ya Wareno.

Na musiishie hapo! Hii ninaisema na nguvu. Watu wanashuka kwenye chombo, Gereza iko palepale mbele yao, wanapiga picha, wanarudi. Ngome ni sura ya mwisho ya mji ule. Ingieni ndani zaidi mpaka Musikiti Mukuu, sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, iliongezwa karne ya 14, ina nguzo na kuba za mawe ya matumbawe. Halafu tembeeni mpaka Husuni Kubwa, jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman juu ya jabali pembeni ya bahari, lina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea la pande nane. Hii yote ilisimama mbele ya Mureno kufika. Kijana wa kwetu aliyefundishwa kwamba nyumba za mawe zilikuja na Wazungu, mumupeleke Husuni Kubwa kwanza, ngome baadaye.

UNESCO iliandika Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara mu urithi wa dunia 1981, na 2004 ikawekwa mu orodha ya hatari mpaka 2014, bahari ilikuwa inakula mpaka kuta za Gereza. Basi musipande juu ya kuta, na vile vipande vya vyungu na sahani mutakavyoona chini, watoto wasitie mufukoni hata kimoja. Na kuni: mikoko isikatwe, ile ndiyo inashika udongo wa kisiwa.

Wenyeji ni Waislamu, dada zetu wafunge kitenge wakipita kijijini, na mukifika musalimie wazee mbele ya kutoa simu za picha.

Mwana wa Katuba

Aksanti sana ba yaya (wakubwa zangu), aksanti mama. Nimesoma yote na kikundi jana, tumebaki na Kilwa, na wakati wa kurudi tutapitia Bagamoyo siku moja juu ya neno la mama, lilituingia. Njia ni ya Mikumi.

Bado moja kwa yaya wa Kalemie: sasa tuchague siku gani? Bamvua ao maji mafu? Vijana wanataka mwezi mpevu juu ya uzuri wa usiku.

Mutoto wa Kalemie

Na watoto, chagua maji mafu, mwezi wa nusu. Siku zile maji yanajaa karibu saa ine ao saa tano ya asubui ya Waswahili (kizungu kumi, kumi na moja), kwa hiyo chombo kinawaingiza karibu kabisa na Gereza na munashuka bila kutembea mu tope na watoto mabegani. Bamvua saa ile ile maji yamekauka, mutashuka mbali na kuvuta miguu. Ukitaka na Songo Mnara ndio zaidi, kule munaingilia kwenye mikoko na mutu wa chombo mwenyewe atawaambia saa ya kutoka, mumusikilize hata akisema mutoke na giza.

Vijana wakitaka mwezi wataupata, nusu ya mwezi juu ya bahari inatosha kuona sufuria.

Mukishafika Masoko, jioni ya kwanza musikimbilie kuvuka. Muende pale vyombo vinapoegesha, muongee na mutu wa mashua, mukubaliane bei ya kikundi kwenda na kurudi, muulize na majaketi ya kuelea kwa kila mutoto. Asiye nayo, mutafute mwingine.

Mama wa Kampemba

Na chanjo, mwanangu, kama munaondoka mwezi wa saba, wapeleke watoto mwezi wa sita katikati. Karte zikae na mutu mumoja mukubwa mu mufuko wa plastiki, pamoja na kopi za pasipoti zote.