Tupeane uzoefu: jezi imefuliwa, yanukia sabuni, ukitoka jasho kikwapa kimerudi

Winga wa Tudor
Assalam aleikum wana-Mombasa, na wa bara pia karibuni. Nina jezi tatu za poliesta. Nazifua, nazianika, nikizinusa kwenye kamba sioni kasoro. Jumamosi nikivaa, hata kipenga hakijapulizwa, mwili ukipata joto kidogo tu kikwapa cha mwezi jana hicho hapo, kana kwamba kilikuwa kimejificha kwenye mshono. Juzi nikirudi na matatu, abiria aliyekaa kando yangu alifungua dirisha. Mvua ilikuwa yanyesha. Maelezo ya kwenye pakiti ya sabuni nishayasoma, msinirudishie. Nataka aliyeteseka kama mimi: ulijaribu nini kikakushinda, na nini kilikutoa?

Mama Wawili, Kisauni
Pole mwanangu. Mimi adui yangu ilikuwa ile dawa ya kulainisha nguo, ya rangi ya samawati. Nguo za kuchezea mpira za wanangu nilikuwa nikizitilia vifuniko viwili, zikinuka naongeza cha tatu. Kumbe inaacha utando juu ya uzi, na uvundo unabaki chini ya utando. Nikaiwacha kabisa. Hazikupona siku hiyo, usidanganywe. Zilichukua kufuliwa mara nne au tano hivi.

Binti Kibokoni
Wacha niwachekeshe. Mimi hukimbia kando ya bahari pale Mama Ngina alfajiri, na nguo zangu za mazoezi pamoja na hijabu zote ni za kitambaa cha kuteleza. Nikajiambia, dawa ya harufu si udi? Nikawasha makaa, nikatia udi kwenye chetezo, nguo nikazitandaza juu yake kama tunavyofukiza za harusi. Nyumbani zilinukia ajabu. Nilipomaliza mzunguko wa pili jasho likatoka, udi na kikwapa vikaoana. Dada yangu akaniambia, "Wanuka kama bibi harusi aliyepakua meli."

Kilichonitoa ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Nageuza nguo ndani nje, naipaka makwapani nguo ikiwa bado kavu, nasugua kwa vidole, naiwacha nusu saa ndipo nafua kama kawaida. Sufuria ya pilau yatoka mafuta kwa sabuni hiyo, sembuse kwapa langu.

Mwalimu wa Kemia
Binti amegusa penyewe bila kujua. Poliesta haipendi maji, yapenda mafuta. Pamba hunywa jasho, lakini poliesta hung'ang'ania mafuta ya ngozi yaliyomo kwenye jasho, na bakteria hula hapo hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwapa watu 26 fulana wakaendesha baiskeli za mazoezi kwa nguvu, kisha wakazilinganisha. Matokeo yalitoka 2014. Fulana za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, na bakteria aina ya Micrococcus walistawi zaidi kwenye zile za poliesta. Kwa hivyo Winga, tatizo si uchafu wako peke yako, usijichukie sana.

Sasa aibu yangu. Nilichanganya siki na magadi ya kupikia kwenye beseni moja. Povu likapanda, nikalishangilia kama mtoto. Baadaye nikakumbuka kuwa jambo hilo hilo nawafundisha kidato cha pili: asidi na besi huuana, nikabaki na maji ya chumvi chumvi. Ukitaka vyote viwili, roweka kwa magadi, suuza, ndipo utie siki kidogo kwenye maji ya mwisho. Na siki msiikutanishe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hapo halitoki povu, yatoka hewa ya sumu.

Kipa Namba Mbili
Klorini nilitia mimi. Jezi nyeupe ikawa ya manjano, mpira wa shingoni ukalegea. Harufu ilibaki. Sina la kuongeza.

Winga wa Tudor
Kipa 😂 pole ndugu yangu. Hayo magadi mwapima vipi?

Mama Wawili, Kisauni
Mimi natia nusu kikombe kwenye nusu ndoo ya maji ya vuguvugu, naroweka usiku kucha. Maji ya moto sana yaua mpira wa nguo. Na soma pakiti dukani! Mume wangu aliniletea bekingi pauda ya keki. Ile ina wanga ndani. Asubuhi nikatoa jezi zina unga kwenye mishono kama mandazi.

Dobi wa Magongo
Mwasahau maji. Kisima chetu ni cha chumvi, sabuni ya kipande haitoi povu, yagandana tu na kuacha weupe kwenye nguo. Weupe huo ukibaki, uvundo una pa kulala. Jezi za timu nazifua kwa maji ya kisima kwa sabuni ya unga, lakini maji ya kusuuza mwisho nanunua mtungi mmoja wa maji matamu kwa mwenye mkokoteni. Mtungi mmoja wanitosha jezi nne au tano. Wateja hudhani nina dawa ya siri, nami siwakatazi kudhani.

Binti Kibokoni
Dobi, hii ya mtungi nimeichukua. Kwetu pia maji ni ya chumvi.

Bodaboda Mikindani
Mimi kosa langu halikuwa kwenye kufua. Nilikuwa nikimaliza mazoezi naikunja jezi imetota, naitia kwenye kisanduku cha pikipiki, nabeba abiria hadi saa nne usiku. Pale ndani yaiva. Siku hizi nafunga kamba fupi kwenye kibanda cha stejini, naitundika hapo ipigwe na upepo. Wenzangu wanaicheka, wengine wameanza kutundika zao. Masika ndiyo shida, hewa imejaa maji na nguo hailali kavu. Naianika ndani mbele ya feni, si juu ya mlango.

Winga wa Tudor
Nimerudi baada ya wiki mbili. Nimetumia sabuni ya vyombo, magadi usiku mmoja, na mtungi wa Dobi. Ya kwanza imepona, nimecheza dakika tisini na nimekaa katikati ya watu kwenye matatu. Ya pili yaanza kunuka kipindi cha pili, kwa hivyo nimekubali kuwa mchezaji wa akiba nikiivaa. Ya tatu ina miaka sita, imeshinda kila kitu mlichosema. Nimempa jirani afutie pikipiki, na jirani ameirudisha.