Mwanangu kaniuliza: Mungu naye kaumbwa na nani?

mama_eliya, Moshi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, nashona barazani hapa Moshi mjini, karibu na soko kuu. Falsafa sijasoma. Nina swali ambalo linaninyima usingizi tangu juzi.

Mwanangu wa kwanza, Eliya, yuko kidato cha sita, anachukua Fizikia, Kemia na Hisabati. Amerudi likizo ya Desemba. Tangu akiwa mdogo yeye ndiye anayetuombea chakula. Juzi nilipomwambia atuombee akasema, "Mama, leo omba wewe." Nikaomba. Kufumbua macho namkuta anatazama sahani, hakufumba kabisa. Wadogo zake walipokwenda kulala akanisaidia kuosha vyombo, ndipo akaniuliza, tena kwa adabu: "Mama, mnasema ulimwengu lazima uwe na aliyeuumba kwa sababu kila kitu kina chanzo. Sasa Mungu naye chanzo chake nani? Na kama Mungu anaweza kuwepo bila chanzo, kwa nini ulimwengu wenyewe usiweze?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hayo siyo maswali ya mtoto aliyebatizwa. Akanyamaza, akamaliza kufuta sufuria, akaenda kulala. Baadaye mdogo wake ndiye aliyeniambia kwamba kaka alishauliza hilo hilo shuleni, kipindi cha dini, akatolewa nje. Yaani mtoto kafungiwa mlango mara mbili, na mara ya pili nimeufunga mimi.

Naomba mnisaidie. Msiniambie "mwombee tu", kumwombea namwombea kila siku. Nataka kujua kama kuna jibu la akili ninaloweza kumpa mtoto wa Hisabati akalipima mwenyewe. Na kama halipo, niambieni halipo.

mwl_mstaafu, Kibosho

Mama Eliya, pole, na hongera kwa kuwa na mtoto anayeuliza. Nimefundisha sekondari zaidi ya miaka 30 na swali hilo nimeulizwa sana. Miaka ya mwanzo nami nilikuwa nalijibu kwa ukali, kwa sababu sikuwa na jibu.

Kwanza mpe haki yake. Kama hoja ingekuwa "kila kitu kina chanzo, kwa hiyo Mungu yupo", mwanao ameshaivunja, maana inajikata yenyewe. Lakini wakubwa walioitetea hawakuianzia hapo. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alianzia kwenye vitu vinavyobadilika, vitu ambavyo vilichonacho vimekipokea kwa kingine. Mfano wake ni fimbo: fimbo haisogezi kitu isipokuwa mkono unaisogeza.

Fimbo hiyo mimi niliielewa kwa mfongo, yaani mfereji wetu wa Uchagani wa kuleta maji shambani. Nimekulia kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, ambacho maji yake yalikuja kwa zamu, na zamu yetu ilikuwa usiku. Baba ananiamsha saa nane, tunapanda na taa ya chemli hadi kwenye mgawanyo, tunatoa kizibo cha vipande vya mgomba na udongo upande wetu, tunakihamishia upande wa pili. Halafu ananituma nishuke nikasimame kihambani, miguu peku ndani ya mfereji mkavu. Kwanza unasikia majani makavu yanasogea gizani. Kisha unakuja ulimi wa maji umebeba povu na takataka, polepole, unagusa vidole, na baridi yake inapanda mpaka magotini.

Usiku mmoja maji yalikuja kidogo yakakatika. Tukapanda kuyatafuta. Kwa jirani wa juu, mfongo mkavu. Kwa wa juu yake, mkavu. Kila kipande ukikiuliza maji yako wapi, kinakuelekeza kwenye kipande cha juu, kwa sababu hakuna kipande cha mfongo chenye maji yake. Kazi yake ni kupitisha tu. Tulikwenda hadi mtoni kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingizwa kwenye mfongo, tukakuta mawe yamesombwa.

Sasa mwambie Eliya achore mfongo usio na mwanzo, wa kilomita zisizohesabika. Utakuwa na maji? Urefu hauongezi hata tone. Mfongo usio na mwanzo, wa kupokea tu, ni mkavu kama ule wa hatua kumi. Hoja yenyewe ndiyo hiyo: kinachopokea hupokea kwa kingine, na haiwezekani vyote viwe vya kupokea. Kuuliza aliyemuumba Mungu ni nani ni kama kuuliza mto umechotwa kwenye mfongo upi.

Na angalia, habari hii siyo ya zamani. Watu wengi wanadhani tunarudi nyuma miaka mabilioni kumtafuta aliyewasha moto akaondoka. Thomas mwenyewe aliandika kwamba kwa akili peke yake huwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Yeye aliupokea kwa imani. Hoja yake ni ya usiku huu: maji yanatembea sasa kwa sababu banio liko wazi sasa. Kwa hiyo Mlipuko Mkuu (Big Bang) wa kwenye vitabu vyake vya Fizikia hauivunji, na wala hauisaidii. Aliyeipa sayansi wazo hilo alikuwa padre wa Ubelgiji, Georges Lemaître, kwa maandishi yake ya 1927 na 1931. Papa Pius XII alipozungumza mwaka 1951 kana kwamba sayansi hiyo inathibitisha uumbaji, Lemaître hakufurahia. Eliya atampenda huyo padre.

Akikutana na hoja ya Anselm, mwanateolojia wa karne ya 11, ile inayotaka kumpata Mungu kutokana na maana ya neno "Mungu" tu, asianzie huko. Mtawa wa enzi zile zile, Gaunilo, alimjibu kwamba kwa mtindo huo utathibitisha hata kisiwa kizuri kuliko visiwa vyote. Thomas naye hakuikubali.

abuu_salma, Arusha

Amani kwenu. Dada yangu, mimi ni Muislamu, nauza vipuri vya pikipiki hapa Arusha, lakini swali la mwanao halina dini moja.

Kwa maoni yangu aliyelinyoosha kuliko wote ni Ibn Sina, yule tabibu aliyefariki 1037. Hakuhitaji fimbo wala mwendo. Aliuliza tu: hiki kilichopo, kingeweza kutokuwepo? Mimi ningeweza kutokuwepo. Marehemu baba alikuja Arusha kutoka Kondoa kwa lori la mahindi, akakosa usafiri wa kurudi, akakaa. Lori lingerudi siku ile mimi nisingekuwa hapa naandika. Mlima Meru ungeweza kutokuwepo. Ukikusanya vyote vya namna hiyo, bado unauliza kwa nini vipo badala ya kutokuwepo. Jibu lazima liwe kitu ambacho kwake kuwepo ni lazima. Kwa Kiarabu alikiita wajib al-wujud, na neno letu "wajibu" linatoka mzizi huo huo.

Kwa hiyo Eliya akisema "kwa nini ulimwengu wenyewe usiwe ndio usio na chanzo", usimkatalie haraka. Mwambie autazame: je, una dalili ya kitu cha lazima? Unabadilika, una sehemu sehemu, ungeweza kuwa vingine. Mimi siioni hiyo lazima ndani yake.

Imam Ghazali, aliyefariki 1111, alipita njia nyingine: kila *kilichoanza* kina sababu ya kuanza, na ulimwengu ulianza. Alisema "kilichoanza", hakusema "kila kitu", na neno hilo moja ndilo linalobeba hoja nzima. Katika Qur'ani, sura ya At-Tur aya ya 35, watu wanaulizwa kama waliumbwa pasipo kitu au wao ndio waumbaji. Huyu Ghazali alimkosoa Ibn Sina vikali, na mojawapo ya mambo aliyomkosoa ni kama Mungu anamjua kila mmoja wetu mmoja mmoja au anavijua vitu kwa ujumla wake tu.

kijana_ngarenaro, Arusha

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi niko upande wa Eliya, nasema bila kuficha.

Mwalimu, mfongo wako nimeupenda, ila mto nao unapokea. Unapokea mvua ya msituni. Kwa hiyo mto ni mfongo mwingine mkubwa. Mkisema huko mbele kuna kitu kisichopokea kabisa, hicho ndicho mlichotakiwa kukithibitisha. Mwaka 1948 mwanafalsafa Bertrand Russell alijadiliana na padre Copleston kwenye redio ya BBC, akasema ulimwengu upo tu, basi. Na akatoa mfano: kila mtu ana mama, lakini huwezi kusema kwa hiyo jamii nzima ya binadamu ina mama yake. Kila kitu ndani ya ulimwengu kinaweza kuwa na sababu, ulimwengu mzima usiwe nayo.

Lakini kilichonitoa mimi siyo Russell. Dada yangu alifariki akijifungua, na mtoto pia. Msibani mzee mmoja akasimama akasema Mungu amempenda zaidi. Mpwa wangu mdogo alikuwa chini ya turubai anazungusha kifuniko cha sufuria, kinalia, hakuna aliyemkataza. Mwalimu, kama banio lipo na kuna anayelishika, usiku ule alilifunga. Sitafuti ugomvi na mtu. Nilitaka tu Eliya ajue hayuko peke yake.

mwl_mstaafu, Kibosho

Marahaba mwanangu. Pole sana.

La mto umenipata, nilipaswa kulisema mwenyewe. Mvua inapokea kutoka baharini na kwenye jua, na jua nalo litakwisha. Mfano unaishia hapo. Lakini hata ukivizungusha vyote hivyo viwe duara, bado ni duara la wapokeaji. Kuhusu mama wa Russell, ni kweli sifa ya sehemu siyo lazima iwe ya kitu kizima: matofali yote ni madogo, ukuta ni mkubwa. Ila mara nyingine inakuwa: matofali yote ni mekundu, na ukuta ni mwekundu. Tunachogombania ni kama "kupokea" ni kama udogo au ni kama wekundu. Mimi naona ni wekundu. Mifongo mikavu mia haileti maji. Siwezi kukulazimisha uone hivyo. Russell alifika mahali akasema basi, na mimi pale pale nashindwa kusimama.

Kuhusu dada yako: hoja hii haigusi hapo. Atakayekuambia inajibu msiba wako usimwamini. Inanifikisha mpaka kwenye banio. Kwamba aliyeko pale ana huruma, hilo halikuja kwa hoja. Nalishika kwa imani, na zipo siku nalishika kwa vidole viwili.

mama_eliya, Moshi

Wakuu, nimechelewa kurudi. Asanteni wote.

Jumapili baada ya ibada tulipanda Old Moshi kwa baba yangu. Nilimpa Eliya simu asome yote, sikumfichia hata la kijana wa Ngarenaro. Alikaa kwenye gogo nyuma ya zizi la ng'ombe akasoma kimya. La kijana alilirudia mara mbili. Kijana wangu, kaniambia nikupe pole yake, nami nakupa yangu.

Nyuma ya migomba ya baba bado kuna mfongo mmoja unaotembea. Mwingine umekauka siku nyingi, watu wamevuta mabomba. Eliya akauchungulia, kisha akaufuata kwenda juu mpaka akapotea kwenye migomba. Alikaa huko kama saa nzima. Kurudi, suruali imelowa mpaka magotini na mkononi ana bonge la udongo hata hajui amelishika.

Akasema, "Mama, hoja ya mwalimu inashika. Sijaona ilipovunjika. Huenda kweli kuna kisichopokea. Lakini mto haumjui mwenye kihamba. Nyie hamwombi mto, mnaomba baba."

Baba yangu amepita miaka themanini, alikuwa pale anamenya ndizi. Akamwambia wazee wa zamani walimwita Mungu Ruwa, na Ruwa kwa Kichagga ni jua pia, na jua nalo halimjui mtu, ila walipoita Ruwa hawakuwa wanaongea na jua. Eliya akasema, "Babu, hujajibu swali." Baba akasema, "Najua," akaendelea kumenya.

Nilimwomba mwanangu msamaha njiani tunashuka. Sikuwahi kumwomba mtoto msamaha kabla ya siku hiyo. Hakusema kitu, akanipokea kikapu.

Usiku niliomba mimi mwenyewe, yeye sikumwambia. Hakufumba macho. Lakini alinisubiri nifike amina ndipo akashika kijiko, na mdogo wake alipotangulia kuchota akamzuia mkono.

Abuu Salma, naomba urudi kwenye lile la Ghazali na Ibn Sina, kama Mungu anamjua mtu mmoja mmoja. Uliligusa ukapita, na sisi nyumbani ndipo tulipokwama. Mwalimu naye akiwa na neno hapo namkaribisha. Eliya anarudi shule wiki ijayo, ningependa aondoke amelisoma.