Kibo inakuja mbele ya mto, na anga imepasuka: nakosea wapi?

Mtoto wa Majengo: Wakuu, nina turubai ya sentimita 60 kwa 80, rangi za mafuta. Mbele Mto Karanga, nyuma Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro, kama inavyoonekana ukiwa Moshi. Mlima umesogea karibu kuliko migomba ya ukingoni, na mto umesimama kama barabara ya kupanda. Tena anga imeanza nyufa nyembamba. Tabaka la chini nilitia mafuta mengi ya kitani ili rangi iteleze, la juu nikalizimua kwa tapentaini.

Brashi Bapa: Nyufa umejijibu mwenyewe. Tabaka lenye mafuta mengi hukauka polepole na huendelea kujongea, na la juu likishakakamaa linachanika. Geuza: la kwanza rangi na tapentaini tu, jembamba, la pili rangi kama inavyotoka kwenye tyubu, la mwisho ndipo utie mafuta, sehemu 1 ya kitani kwa 2 za tapentaini yatosha. Anga hiyo usiifunike, nyufa zitarudi. Ikwangue. Na kama "rangi ya mafuta" ni ile ya kopo ya kupaka milango, hapo ni mjadala mwingine.

Mtoto wa Majengo: Ni za tyubu, mkuu. Na mlima?

Kivuli cha Jioni: Bila shaka mabonde yake umeyapaka nyeusi. Giza kali liwe mbele tu, kwenye mawe na migomba. Mlima ni bluu ya ultramarini, kidogo ya siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), nyeupe nyingi. Ukifumba macho nusu, karibu uyeyuke angani. Kivuli cha theluji kiwe bluu-kijivu, nyeupe safi iguse panapopigwa na jua tu. Halafu Kibo kutokea Moshi ni kuba pana upande wa kushoto, si pembetatu! Mawenzi, kulia, ndiyo yenye meno. Usiivishe kofia ya theluji.

Mto unapanda kwa sababu kona za mbali umezipa upana wa zile za mbele. Zibane mpaka ziwe karibu mistari ya mlalo. Na usiweke Kibo ndani ya maji yanayokimbia juu ya mawe. Kioo kinahitaji maji yaliyotulia. Hapo pakaa rangi ya anga vipande vipande.

Brashi Bapa: Vanishi subiri miezi 6, hata mnunuzi akikuhimiza.