Baiskeli ya umeme kwa kijana wa miaka 14: Minnesota wanasemaje?

Kutoka: Mama Imani, Brooklyn Park, Minnesota

Hamjambo ndugu zangu. Naomba msaada wa anayejua. Mjomba wa watoto aliye Dallas amemtumia kijana wangu baiskeli ya umeme. Ilifika Jumanne ndani ya boksi kubwa, na tangu siku hiyo mtoto hana usingizi. Ana miaka 14, atatimiza 15 mwezi wa nane. Mjomba anasema wa kwake, rika moja na huyu, anaenda nayo shule kila siku na hakuna askari aliyewahi kumuuliza. Jirani anasema lazima leseni. Baba Imani anasema baiskeli ni baiskeli.

Nimemwambia kijana asiipande mpaka niulize. Karatasi zetu za uhamiaji bado ziko kwa wenyewe zinashughulikiwa, na sitaki mwanangu asimamishwe na polisi kwa jambo ambalo ningeweza kuliulizia mapema. Je, leseni inatakiwa? Bima? Namba za usajili? Umri je?

Kutoka: Fundi, St. Paul

Shikamoo Mama Imani. Umefanya vizuri kumzuia. Natengeneza baiskeli hapa St. Paul, huu ni mwaka wa sita, na siku hizi nusu ya zinazoletwa ni za umeme.

Nianze na umri kwa sababu ndio unaokugusa: Minnesota, aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuendesha baiskeli ya umeme, iwe ya daraja lolote kati ya matatu nitakayoyaeleza hapo chini. Asubiri mwezi wa nane. Mjomba naye hakudanganya. Sheria ya Texas ya 2019 inamzuia mtoto wa chini ya miaka 15 kwenye daraja la tatu peke yake, kwa hiyo binamu yake yuko sawa kule akiwa na la kwanza au la pili. Pennsylvania hawatumii madaraja kabisa: wanataka mwendeshaji awe na miaka 16, na baiskeli isizidi uzito wa pauni 100.

Watu wengi huchanganyikiwa hapa. Sheria ya serikali kuu ya 2002 inahusu kiwanda na duka. Inasema baiskeli ya umeme ni ile yenye pedali zinazofanya kazi, mota isiyofika wati 750, na isiyofika maili 20 kwa saa ikivutwa na mota peke yake. Nani aipande, wapi, akiwa na umri gani, hayo yameachiwa majimbo. Mwaka 2015 California waliandika sheria ya madaraja matatu na majimbo mengi yakafuata, Minnesota ikiwemo. Daraja la kwanza: mota inasaidia unapokanyaga pedali tu, inaacha ukifika maili 20. La pili: ina eksele kama bodaboda, inakwenda hata bila kukanyaga, nayo inaishia 20. La tatu: unakanyaga, inakusaidia mpaka 28.

Ikiwa imo ndani ya madaraja hayo, hapa haihitaji leseni, bima wala namba. Kofia ngumu sheria ya Minnesota haimlazimishi mwendesha baiskeli, lakini mimi mtoto akija dukani bila kofia simpi baiskeli yake. Nimeona vichwa viwili vilivyoanguka na sitaki kuona cha tatu.

Sasa naomba ushuke gereji utazame stika. Mara nyingi iko kwenye bomba la fremu chini ya kiti, au karibu na pedali. Iwe na vitu vitatu: namba ya daraja, mwendo wa juu, na wati za mota. Niandikie ulichokiona.

Kutoka: Mama Imani

Marahaba mwanangu. Nimeshuka na tochi. Stika ipo, imeandikwa daraja la 2, maili 20, wati 500. Nilifurahi, kumbe bado. Kijana alikuwa ameshasoma kijitabu chote. Ukurasa wa 14 unaeleza kwamba ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, sekunde tano, inafunguka mpaka maili 32, “kwa matumizi ya nje ya barabara”. Aliniambia mwenyewe bila kuulizwa, na nikamshukuru. Hiyo nayo wanaihesabuje?

Kutoka: Fundi, St. Paul

Hiyo ndiyo inayowaponza watu, mama. Stika haikukingi ukishaifungua. Ikipita mwendo wa daraja lake, mbele ya sheria inaacha kuwa baiskeli ya umeme, inaingia upande wa pikipiki ndogo au pikipiki kamili: leseni, usajili, bima. Ikimgonga mtu, kampuni ya bima itauliza hayohayo. Mwambie asiviguse vile vitufe, na muweke naye ahadi hiyo siku utakayompa.

Nieleze kisa kimoja ili wazazi wengine wasome. Mwaka jana baba mmoja aliniletea “baiskeli” aliyomnunulia mwanawe mtandaoni kwa akiba ya miezi kadhaa. Niliipandisha kwenye stendi, nikatafuta pedali. Hazikuwepo. Kulikuwa na vyuma viwili vya kukanyagia, kama pikipiki. Stika hakuna popote. Yule baba aliniuliza aisajili wapi. Nikamwonyesha kwamba haina hata namba ya chesisi ya kuipeleka kwenye usajili. Barabarani haiwezi kuwa baiskeli, na pikipiki pia haiwezi. Muuzaji alikataa kuirudisha kwa sababu boksi lilishafunguliwa. Yule baba alikaa kwenye benchi langu muda mrefu bila kusema kitu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba picha ya stika na picha ya pedali. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, achana naye.

Kutoka: Mjomba, Dallas

Dada, nimo humu nasoma kila kitu. Nisamehe. Nilidhani sheria ni moja nchi nzima kwa sababu tumeinunua duka moja. Asisikie vibaya kijana, mwezi wa nane nitampigia mwenyewe. Na ya huku nimeshaikagua leo asubuhi, mwanangu alikuwa ameshafungua vile vitufe. Nimeifunga.

Kutoka: Mama wa Lowell, Massachusetts

Huku kwetu sheria ya 2022 inatambua daraja la kwanza na la pili tu. La tatu halimo, kwa hiyo usije na maili 28 ukitegemea itahesabika baiskeli. Na ni marufuku kupita nazo kwenye njia ya waenda kwa miguu, hata za daraja la kwanza. Vijana wetu wanaopeleka chakula wanalisahau sana hili.

Kutoka: Kaka wa Bronx, New York

Salaam kwenu. Mimi ni mtu wa Bukavu, napeleka chakula kwa baiskeli tangu 2018. Wakati ule baiskeli ya eksele ilikuwa kosa hapa jijini, faini dola 500, na polisi waliweza kuichukua. Nilikamatwa mara moja, nikafanya kazi wiki nzima kulipa. Mwaka 2020 jimbo likazihalalisha. Lakini daraja la tatu la New York si la tatu la wenzetu: lina eksele mpaka maili 25, na linaruhusiwa ndani ya jiji hili tu. Ukitoka nalo ukavuka kwenda jimbo jingine, hesabu zinabadilika. Tena tangu Oktoba 2025 jiji limeshusha mwendo wa baiskeli zote za umeme hadi maili 15 kwa saa.

Mama Imani, hukuuliza kuhusu betri, lakini naomba nikuambie. Mwaka 2023 watu 18 walikufa hapa jijini kwa moto wa betri hizi. Nyumba ya jirani zetu iliungua. Moto ulianzia betri iliyokuwa inachajiwa mlangoni, na waliokuwa ndani walikosa pa kupita. Nilisimama barabarani usiku ule na ndala. Tangu Septemba 2023 duka la hapa haliruhusiwi kuuza baiskeli isiyopimwa kwa kiwango cha usalama cha UL 2849, na betri peke yake UL 2271 (UL ni shirika la kupima usalama wa vifaa). Tafuta alama hiyo kwenye yako. Tumia chaja iliyokuja nayo. Usichaji mkiwa mmelala, na usichaji kamwe karibu na mlango wa kutokea.

Kutoka: Fundi, St. Paul

Kaka wa Bronx amesema kweli tupu. Nasi Minnesota sheria inataka betri iwe imepimwa na maabara huru.

Kutoka: Mama Imani

Nimesoma yote jana usiku, nikamsomea na kijana. Alama ya UL 2849 nimeiona, ndogo sana, chini ya betri, ilibidi nivae miwani.

Tumekubaliana hivi. Mpaka mwezi wa nane ataipanda baba yake kwenda shifti ya usiku, maana gari letu ni moja na mimi ndiye ninayelichukua. Jana alienda nayo. Kijana alimfungia taa nyeupe mbele na ile nyekundu nyuma, akasimama gereji kumtazama mpaka akakata kona. Mjomba ameahidi kofia.

Swali la mwisho, fundi wangu. Huku theluji ikianguka gereji inakuwa friji. Betri nikiichaji mle haiharibiki?

Kutoka: Fundi, St. Paul

Inaharibika, mama. Betri za lithiamu hazichajiwi kwenye baridi ya chini ya sifuri ya Selsiasi, yaani ile ya kugandisha maji. Ichomoe, iingize ndani, iache ipate joto la nyumba kwanza ndipo uichaji. Iweke juu ya sakafu ya vigae, mbali na mapazia na makochi, mkiwa macho. Na kama alivyosema kaka wa Bronx, si pale mlangoni mnapovulia viatu.