Ushauri: kazi ya kikundi kuhusu uandishi wa kazini, tuanzie wapi?

Mwana wa Wete
Assalaam alaykum wanajamvi. Tupo watano, mwaka wa pili, tunasoma hapa Unguja. Tumepewa wiki saba tutafiti watu wanaandika nini wakiwa kazini, na wanaandikaje. Kikao cha kwanza tulikaa saa mbili nzima, tukaishia kugombania mada. Mmoja anataka mahoteli ya Nungwi, mwengine mabenki, mwengine "ofisi zote za serikali Mjini Magharibi" (msicheke). Mie nataka Pemba kwa sababu ndiko kwetu, nitalala na kula bure. Tulichonacho mpaka sasa ni hojaji ya maswali 34, la kwanza likiwa: "Je, uandishi ni muhimu katika kazi yako?"

Muhula uliopita tulibaki wawili tunachapa ripoti hadi alfajiri, watatu simu hawapokei. Sitaki yanikute tena.

Karani Mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Hilo swali la kwanza lifute leo hii. Nani atakwambia si muhimu?

Mie nimezeekea masjala, chumba cha kutunzia majalada ya ofisi. Barua ikiingia inagongwa muhuri, inaandikwa kwenye rejista, inatiwa katika jalada na kupewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, ndipo jalada linapanda kwa wakubwa. Ofisa anaandika dokezo: "Naomba maelekezo yako kuhusu folio 17." Jalada linarudi na neno moja tu, "Tuonane", na saini. Sasa hapo ndipo pa kutafiti! Kwa nini mkubwa hakujibu kwa maandishi? Chagueni waraka wa aina moja, muufuate tangu unapoandikwa mpaka unapolala kabatini. Ofisi zote mtazimalizia wapi?

Mwana wa Wete
Shikamoo mzee wangu. Lakini nani atatufungulia jalada sisi wanafunzi?

Karani Mstaafu
Marahaba. Hakuna atakayekufungulieni, na wala msiombe. Ombeni fomu tupu, au barua iliyofutwa majina. Mkitaka karatasi za zamani, Taasisi ya Nyaraka ipo pale Kilimani.

Ndizi Mkono wa Tembo
Na barua ya utambulisho ya chuo iombeni kesho asubuhi, si wiki ya tatu. Mkiamua ofisi za serikali, muulizeni mwalimu mapema kuhusu kibali cha utafiti. Kwa Zanzibar hilo linapitia Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na wiki saba si nyingi.

Kuhusu watoro: msigawane sura. Kosa ni hilo. Wewe utangulizi, yule mbinu, huyu hitimisho. Wa hitimisho anakaa wiki sita hana kazi, ikifika zamu yake keshasahau hata mada. Kila mmoja ahoji watu wawili na aandike maelezo yake siku hiyohiyo, kwenye faili moja la mtandaoni linaloonesha nani kaandika nini na lini. Asiyeandika chochote hadi wiki ya pili, mwalimu aambiwe wiki ya pili.

Dada wa Mapokezi
Mzee Karani kasema kweli ila masjala kugumu kuingia. Mie nipo mapokezi, hoteli ya shamba, nje ya mji. Sisi tuna kitabu cha makabidhiano ya zamu, tunaandika Kiingereza kwa sababu meneja ni mgeni. Halafu tuna grupu la WhatsApp, huko ni Kiswahili. Juzi kwenye grupu niliandika: "Chumba 12 AC haipoozi, fundi kasema kesho inshallah, mgeni kanuna." Kitabuni jambo hilohilo likawa mstari mmoja wa Kiingereza: AC mbovu, fundi kaarifiwa. Inshallah haimo, wala mgeni aliyenuna.

Karani Mstaafu
Wallahi hiyo ni bora kuliko jalada langu.

Shamba Boi
Mie sikubaliani kuitupa Pemba. Kuna barua ya sheha, yule kiongozi wa serikali mtaani. Mtu anakuja na shida yake kwa mdomo, anaondoka na karatasi yenye muhuri. Na mkihoji, pahala popote, muwekeeni mtu karatasi aliyoiandika mwenyewe mbele yake. Muulizeni: hapa umeandika "Husika na kichwa cha habari cha hapo juu", ungeliacha kungeharibika nini? Ukimuuliza hivihivi anaandikaje, atakuhadithia alivyofundishwa skuli.

Mwana wa Wete
Tumekaa leo baada ya laasiri. Pemba nimeikosa, sheha tumemuweka akiba. Tunachukua jambo moja na kuliangalia pahala pawili: kitabu cha zamu na grupu. Kinachoachwa ni nini, na anayeacha anamuogopa nani? Hoteli mbili tu. Picha za skrini hatuchukui, wafanyakazi wenyewe watatusomea wanachoridhia, na majina ya wageni hayaingii kwenye daftari letu. Hojaji imekufa, ingawa mwenzetu mmoja bado anaililia. Kila mtu ana watu wake wawili.

Dada wa Mapokezi, naomba nikufuate kwa ujumbe wa faragha.

Dada wa Mapokezi
Karibu. Kwanza nimuulize meneja, akikubali njooni saa kumi jioni, wageni wa siku hiyo wameshapata vyumba. Huyo wa hojaji mwambieni aiache nyumbani.